Fisi Aliyezika Biriani

Paukwa!

— Pakawa!

Chunguni kimo?

— Kimo!

Nipakue?

— Pakua!

Cha leo au cha jana?

— Chochote, tuna njaa!

Haya, sogeeni, moto unatutosha sote. Wewe mwenye miguu mirefu, ivute, usije ukaichoma halafu ukasema hadithi yangu ndiyo iliyokuunguza.

Hapo kale, zamani hizo wanyama wakivaa kanga na kutembeleana barazani, palikuwa na mji ukiitwa Bondeni. Katika mji huo alikaa fisi mmoja jike na mumewe, jina lake Vuai. Fisi huyo mama yake alimwita Mwanakombo. Lakini alipoolewa, akahamia Bondeni, akajengewa nyumba yenye baraza ya mawe, jina lile likaanza kumwasha. Kila akiitwa Mwanakombo, yeye aliona watu wanasikia makombo. Akalivua kama mtu anavyovua kanga kuukuu, akajipa jina jipya. Akataka aitwe Bi Nadhifa.

Wala halikuwa jina tu. Alijifunza kutembea amenyoosha mgongo, ingawa mgongo wa fisi haukuumbwa kunyooka. Alijifunza kucheka hi hi, kwa ncha ya mdomo, kanga imeziba meno. Na kupita yote hayo, alijifunza kukionea haya kiporo.

Kiporo mnakijua. Ni chakula kilichopikwa leo kikalala mpaka kesho. Pale Bondeni kiporo kilikuwa aibu kubwa. Wakubwa wa mji walikula cha moto, kilichotoka jikoni saa ile ile. Mwenye kuonekana akipasha wali wa jana, majirani walikuja kumpa pole, wakamwuliza kafiwa na nani. Na katika wote waliokikimbia kiporo, hakuna aliyekikimbia mbio zaidi ya Mwanakombo, mtoto wa Jalalani, ambako babu na bibi zake waliishi kwa kile walichobakisha wengine. Ukimgusia tu, alikujibu:

"Kwangu mimi analala mtu. Chakula hakilali."

Basi ikakaribia Sikukuu ya Mwandamo, ambayo wanyama waliisherehekea kwa siku tatu. Mwanakombo akamwambia mumewe, "Mwaka huu naalika wakubwa."

"Wakubwa gani?" akauliza Vuai.

"Bi Simba, mke wa Sultani. Na Bwana Chui. Na Maalim Korongo, anayefundisha adabu."

"Watakula nini hao, mke wangu?"

"Kila kitu."

"Na kikibaki?"

"Kitazikwa."

Vuai akameza mate. Alikuwa fisi mpole, asiyependa maneno mengi.

Siku moja kabla ya sikukuu, Mwanakombo yuko jikoni anachambua mchele, akasikia hodi mlango wa nyuma. Hodi yenyewe ilikuwa ya kelele.

"Mwanakombo! Mwanakombo we! Fungua, mama yako nimekuja kula sikukuu!"

Alikuwa Bi Mize, mama yake, ametembea kutoka Jalalani kwa miguu yake. Kanga imechanika pindo, vumbi limemfika magotini, kikapu cha mifupa mikavu mkononi, zawadi ya mkwewe. Mwanakombo akatoka mbio.

"Shikamoo mama. Polepole, mama. Hapa naitwa Bi Nadhifa."

"Nani kakupa jina hilo?"

"Nimejipa."

"Aa. Basi ngoja na mimi nijipe langu. Niite Bi Mchovu, unipe maji ninywe."

Mwanakombo akampa maji, akambusu mkono, kwa maana alimpenda mama yake. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ile kanga iliyochanika. Akilini akamwona Bi Simba kesho amekaa barazani, na ubavuni kwake imekaa kanga ile. Akamshika mama yake mkono, akampeleka uani, kwenye banda la kuni, akamtandikia mkeka.

"Utapumzika hapa, mama. Barazani kuna upepo."

Bi Mize akatazama kuni. Akatazama mkeka. Akamtazama binti yake.

"Upepo huo unawapiga fisi tu, Simba haumpigi?"

Mwanakombo akajifanya hakusikia.

Ikaingia siku ya kwanza. Wageni wakaja kukaa siku zote tatu, mmoja baada ya mwingine. Bi Simba akaja, hereni zinamgonga mashavu. Bwana Chui akaja, ananukia udi. Maalim Korongo akaja, mwembamba, miguu kama mianzi, anapiga hatua kana kwamba ardhi ni ya kuazima. Mwanakombo akaleta biriani ya mbuzi, sinia linabebwa na watu wawili, mvuke unapanda mpaka darini.

Bi Simba akachota kwa vidole vitatu, akapeleka mdomoni, akapangusa mkono. Bwana Chui akachukua mnofu mmoja, akaubakisha nusu. Maalim Korongo akadonoa punje, akasema, "Adabu ya mgeni ni kushiba kwa macho."

Basi wakashiba kwa macho. Sinia likabaki karibu kama lilivyokuja.

"Bi Nadhifa," akasema Bi Simba, "na masalio yote haya?"

Mwanakombo akanyoosha mgongo. "Kwangu mimi analala mtu. Chakula hakilali."

Wageni wakatikisa vichwa. "Huyu ameelimika," akasema Maalim Korongo.

Mwanakombo akajaza biriani kwenye vyungu, akavibeba kuelekea nyuma ya uwanja, penye migomba mingi, ambako alikuwa amechimbisha shimo. Akapita mbele ya banda la kuni.

"Wapeleka wapi hivyo, mwanangu?" akauliza Bi Mize.

"Nakwenda kuzika."

"Amekufa nani?"

"Biriani, mama."

"Maskini. Ameugua nini?"

Mwanakombo akafika kwenye shimo, akainua chungu amwage. Mkono ukakataa. Akauambia mkono, mwaga, mkono ukakataa. Nyama zilikuwa laini, wali umelainika kwa samli, zafarani inang'aa. Basi akashusha vyungu vyenyewe shimoni, penye ubaridi, akavifunika vizuri, juu akaweka majani ya mgomba. "Nitavimwaga wageni wakiondoka," akajiambia.

Mchana ule, baada ya kahawa, Bwana Chui alisema anakwenda kunyoosha miguu. Maalim Korongo alisema anakwenda kutafakari. Bi Simba alisema kichwa kinamgonga, atafute kivuli. Hata Vuai alisema ana kazi ndogo huko nje. Mwanakombo akabaki peke yake anasugua masufuria, akafurahi kwamba wageni wake wameupenda uwanja wake. Msicheke mapema, bado.

Ikaingia siku ya pili. Mwanakombo aliamka mgongo unamuuma. Akapika kuku wa kupaka, na ndizi za nazi, na mishikaki, na mlima wa chapati. Wageni wakala kama jana, kidogo kidogo, wakipangusa midomo kila tonge. Akafungasha masalio, akayapeleka migombani.

Aliporudi barazani akapigwa na butwaa. Bi Mize alikuwa amesimama pale, katikati ya wageni, amejifunga ile kanga yake vizuri kadiri ilivyofungika. Alikuwa amechoka kukaa na kuni.

"Hamjambo wanangu," akasema. "Nimeona nije tujuane."

Bi Simba akamtazama toka kwato... naam, toka makucha hadi utosi. Nimekosea, fisi hana kwato. Nilikuwa nawapima kama mnasikiliza. Akamgeukia mwenyeji wake.

"Bi Nadhifa, huyu nani?"

Mwanakombo akafungua mdomo. Neno lilikuwa fupi. Lingetoka kwa pumzi moja. Lakini akaiona ile kanga, akaona hereni za Bi Simba, akaona shingo ndefu ya Maalim Korongo imeinama kungoja jibu.

"Ni... ni mama mmoja hivi," akasema. "Ananisaidia kuosha vyombo."

Vuai akainamisha kichwa. Bi Mize hakupiga kelele, yeye ambaye kelele ndiyo kazi yake. Akamtazama binti yake kidogo tu.

"Ndiyo, bibi," akasema. "Naja kuchukua vyombo."

Akakusanya masinia. Akakusanya mabakuli. Akakusanya vikombe. Akaosha vyote, kimoja kimoja, akavipanga juani vikawaka kama vipya.

Asubuhi ya siku ya tatu Mwanakombo alikwenda banda la kuni na kikombe cha chai. Akakuta mkeka umekunjwa. Kikapu hakipo. Bi Mize hayupo. Mifupa ya zawadi tu imeachwa mlangoni, imepangwa vizuri.

"Afadhali," Mwanakombo akajiambia. "Sasa sina wasiwasi." Lakini chai aliyoshika hakuweza kuinywa.

Akaingia stoo apike. Akafunua pipa la mchele: patupu. Akafunua debe la unga: vumbi. Akatafuta nazi, akakuta vifuu. Siku mbili za kushibisha macho ya watu zilikuwa zimemaliza chakula cha mwezi. Akakwangua unga wa mwisho, akawakaangia wageni vitumbua vya kuhesabika, akavipeleka na chai. Bi Simba akachukua kimoja, akatabasamu.

"Bi Nadhifa, nina habari njema. Nimempelekea ujumbe mume wangu. Nimemwambia nyumba hii chakula ni cha moto siku zote. Sultani mwenyewe anakuja leo, kabla jua halijatua. Anakuja kula hapa."

"Alhamdulillahi," akasema Mwanakombo.

Akamvuta Vuai nyuma ya mlango. "Mume wangu, kimbia dukani."

"Madukani kumefungwa. Wenyewe wamekwenda sikukuu."

"Kwa jirani, basi."

"Jirani naye amealikwa kwingine." Vuai akakuna sikio. "Mke wangu, labda... kuna vile..."

"Vile vipi?"

"Basi, hakuna," akasema Vuai, akatoka nje upesi.

Mwanakombo akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akashika kichwa. Sultani akija akakuta sinia tupu, jina lake litavuma toka Bondeni mpaka mwisho wa pori. Akawaza, akawaza, na mawazo yote yakaenda kuishia pahala pamoja: migombani. Akasema hapana. Akasema hapana tena. Mara ya tatu akasimama, akajitanda kanga mpaka machoni, akanyata.

Jua lilikuwa la utosi. Wageni wote walikuwa wamekwisha kusema wanachosema kila siku, huyu miguu, huyu tafakuri, huyu kichwa. Mwanakombo akafika migombani, akataka kuinama, akasikia mtu anatafuna.

Akajibanza nyuma ya mgomba mnene, akachungulia.

Shimo lilikuwa wazi, majani yamewekwa kando kwa ustaarabu. Na ndani ya chungu cha biriani, kichwa kilikuwa kimezama mpaka masikioni. Masikio aliyajua. Alilala nayo kila siku. Vuai!

Alitaka kumvamia, lakini majani yakalia, kha kha kha. Vuai akashtuka, akajitosa nyuma ya rundo la makuti.

Akaja Bwana Chui. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatoa mshikaki wa jana, akaula, nusura ameze na kijiti. "Huu umelala ukakolea," akajisemea. Majani yakalia, kha kha kha. Chui akaruka juu ya mpapai uliokuwa pale, akajishikilia.

Akaja Maalim Korongo. Hakutazama kulia wala kushoto. Alikuwa ameizoea njia. Akaingiza shingo yote kwenye mtungi wa kuku wa kupaka, gulu, gulu, gulu. Majani yakalia. Korongo akataka kutoa shingo, shingo ikagoma. Akasimama wima na mtungi wake kichwani, akitumaini ataonekana mti.

Na nani tena? Akaja Bi Simba. Akavua hereni, akaziweka juu ya jani. Akakunja mikono ya gauni. Akaketi chini, pa, miguu ameikunjua kama mtoto, akajiwekea chungu mapajani, akala kwa mikono miwili. Akala chapati ya jana amechovya mchuzi wa biriani ya juzi. Akafumba macho.

"Afadhali," akasema. "Siku tatu nafa na njaa kwa heshima."

Hapo mtungi ukapiga chafya. Bi Simba akaruka. Korongo akayumba, akajigonga kwenye mpapai, mtungi ukapasuka vipande. Mpapai ukatikisika, Chui akaanguka, puu, juu ya makuti. Na chini ya makuti Vuai akalia, "Nakufa, mama!"

Wakabaki wanatazamana, midomo yote inang'aa mafuta. Mwanakombo akatoka nyuma ya mgomba.

"Mimi nilikuwa navilinda vyungu," akasema Vuai.

"Mimi nilisikia harufu ya moshi, nikaja kusaidia," akasema Chui.

"Mimi nafanya uchunguzi," akasema Maalim Korongo, na punje ya wali ikamtoka puani. "Mwalimu wa adabu lazima aione na isiyo adabu."

Bi Simba akatafuta hereni zake. "Mimi," akasema, "nimepotea njia."

Mwanakombo akawatazama, huyu, na huyu, na huyu. Kitu kikamkereketa kifuani, kikapanda. Akaziba mdomo kwa kanga ili acheke hi hi. Kikakataa. Kikatoka chote, kicheko cha fisi, kile cha Jalalani, kinachosikika vilima vitatu. Akacheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka akapiga magoti. Halafu wakaona mabega yanatikisika lakini kicheko hakitoki tena. Alikuwa analia.

"Nimemkana mama yangu," akasema. "Yule mwosha vyombo ni mama yangu mzazi. Nimemlaza na kuni kwa ajili yenu, nanyi mko shimoni mnalamba vyungu!"

Wangejibu nini, na vinywa vimejaa?

Mwanakombo akapangusa uso. Akajifunga kanga kiunoni, mgongo akauacha ukae unavyotaka.

"Sultani yuko njiani," akasema, "na chakula ni hiki, hakuna kingine. Bi Simba, wewe kata vitunguu. Vikuchome macho, haidhuru. Biriani mnaikaanga kwa kitunguu na pilipili mbichi, mnakamulia ndimu, inachukua muda wa kuchemsha chai. Bwana Chui, vua mishikaki vijiti, uikatekate, uitie kwenye nyanya iliyoiva, ufunge ndani ya chapati. Maalim, wewe una pua ndefu: nusa kila chungu. Chenye nazi kikiwa kimechacha, mwaga, usimwonee mtu huruma. Vuai, washa moto."

"Na wewe unakwenda wapi?" akauliza Vuai.

"Kumfuata mama."

Akatoka mbio. Hakuwa na haja ya kwenda mbali. Bi Mize alikuwa mzee, miguu imevimba kwa safari ya kuja, akawa amekaa kando ya njia chini ya mti wa miiba, anaguguna mfupa mkavu aliouokota njiani.

"Mama."

"Nani?"

"Mimi Mwanakombo."

"Simjui. Namjua Bi Nadhifa, tajiri mmoja wa Bondeni. Nimemwoshea vyombo na hakunilipa."

Mwanakombo akapiga magoti vumbini. "Nisamehe, mama. Nilikuonea haya, na haya yenyewe nilijitafutia mwenyewe. Rudi nyumbani."

"Sirudi kuosha vyombo."

"Utarudi kukaa barazani."

"Kuna upepo."

"Nitakaa upande unakotoka."

Bi Mize akaendelea kuguguna. Alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia hasimami upesi hata kama anataka. Akatafuna, akatema, akatafuna.

"Huko kwenu kuna nini cha kula?" akauliza hatimaye, bila kumtazama.

"Kiporo, mama."

"Cha lini?"

"Cha jana na cha juzi. Wanakikaanga sasa hivi."

Bi Mize akautupa mfupa. "Nishike mkono. Wageni wako hawajui kukaanga, watakiunguza."

Walipofika, uwanja wote ulikuwa unanukia. Bi Simba macho mekundu kwa vitunguu. Chui amejipaka nyanya mpaka masikioni. Korongo amekwisha kumwaga ndizi za nazi, zilikuwa zimechacha kweli. Bi Mize akaonja, akasema chumvi, akaongeza. Akaonja, akasema ndimu, akaongeza. Akaonja mara ya tatu, hakusema kitu, akaendelea tu kuonja, mpaka Mwanakombo alipomnyang'anya kijiko.

Ngoma ikalia njiani. Sultani Simba akaingia, tumbo mbele, ndevu nyuma. Akaketi. Mwanakombo akamkalisha mama yake barazani, juu ya mkeka mpya. Kisha masinia yakaja.

Sultani akala. Akasema, "Ongeza." Akala. Akasema, "Ongeza." Akala mara ya tatu, akafuta sinia kwa kipande cha chapati, akakila hicho kipande.

"Miaka yote nimekula," akasema, "sijapata kula kitu cha namna hii. Kinaitwaje?"

Bi Simba akakohoa. "Kinaitwa... kinaitwa Lulu ya Mwandamo, bwana wangu. Ni upishi wa kigeni."

"Upishi wa ng'ambo," akadakia Chui.

"Huliwa kwa adabu maalumu," akasema Maalim Korongo. "Nitaieleza."

Sultani akamgeukia mwenyeji. "Ni kweli, Bi Nadhifa?"

Wote wakamtazama. Bi Simba akamkonyeza. Mwanakombo aliona barabara kwamba neno moja la uongo lingempa heshima ya mji mzima, na neno moja la kweli lingeweza kumfukuzisha Bondeni. Akasimama.

"Si kweli, Sultani. Jina langu mimi ni Mwanakombo. Huyu ni mama yangu, Bi Mize wa Jalalani, na jana nilisema uongo juu yake. Na hicho ulichokula ni kiporo. Cha jana na cha juzi."

Sultani akaweka sinia chini. Nyusi zake zikashuka, zikashuka zaidi. Akavuta pumzi, na wageni wakajikunyata.

"Kiporo?" akasema.

"Ndiyo, Sultani."

Sultani akageuza kichwa polepole, akamtazama mkewe.

"Bi Simba. Kwangu mimi hupikwa ng'ombe mzima. Na kila nikiuliza kesho yake, naambiwa kilichobaki kimezikwa. Wewe ndiye unayekwenda kuzika. Sasa niambie mbele ya watu: miaka yote hiyo, kaburini kumebaki nini?"

Bi Simba akajipangusa mdomo upesi. Kidevuni kwake bado palikuwa na chembe ya wali.

Bi Mize ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Mwanakombo, akafuata Vuai, na fisi wakicheka, nani atajizuia? Sultani mwenyewe akacheka, akamwomba Bi Mize amsogezee ukoko. Wakala pamoja mpaka vyungu vikabaki vya kuoshwa. Na vyombo siku ile, jamani, aliviosha Maalim Korongo. Ila mtungi ulipopasuka alikuwa amemeza mnofu pamoja na kigae, nao haukushuka sawasawa, na mpaka leo ukimwona ana mfuko unaning'inia shingoni.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Lakini hamwajui watu wa Bondeni. Kesho yake Bwana Chui alitangaza kwamba kiporo alikianza yeye. Maalim Korongo akafungua darasa la adabu za kiporo, mkono gani hupasha na mkono gani hufunua. Matajiri wakaanza kupika chakula cha moto, wakakitazama, wakakiacha kilale kwa makusudi, wakaalikana: "Karibuni, kwetu kimelala siku mbili." Jirani anajibu, "Sisi chetu kimelala siku tatu." Mwenye kula cha leo akaanza kujificha nyuma ya mlango, na majirani wakaenda kumpa pole.

Mwanakombo aliwaacha na mji wao. Yeye akanunua sufuria ndogo. Akapika cha kutosha; kikibaki akapasha; mgeni akija ghafla akakaanga, akala naye. Bi Mize alikaa barazani mpaka akachoka kukaa, akarudi Jalalani kwa hiari yake, kikapu kimejaa, akisema Bondeni watu ni wachafu sana, wanazika vyakula.

Hadithi hii inatufundisha kwamba chakula hakimpi mtu aibu, ila mtu mwenyewe ndiye anayekitwisha aibu yake. Sikukuu ikija, pikeni kwa matumbo yenu, si kwa macho ya jirani. Na mama akibisha hodi, apitie mlango wa mbele.

Hapo ndipo panapoishia. Tamu yake ni yenu, mwende nayo. Chungu yake niachieni mimi niliyeipika. Na sasa niondokeeni njiani, maana nimesikia mfuniko unafunuliwa kule ndani, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nimekula.